Thamani unayoiandika ndiyo utakayolipwa

Komiki iliyouzwa senti 50 mwaka 1975 leo inaweza kununua pikipiki. Anayetaka kuituma ng'ambo ikapangiwe daraja hukutana na kisanduku kimoja kwenye fomu, ambacho wengi hukijaza bila kufikiri.

Novemba 1958, sonara Harry Winston wa New York aliitoa almasi ya Hope zawadi kwa taasisi ya Smithsonian ya Washington. Hakukodi gari la deraya wala kikosi cha walinzi. Aliifunga kwenye kifurushi cha karatasi ya kaki akaipeleka posta, ikasafiri kwa rejista. Gharama yote ilikuwa dola 145.29. Usafiri wenyewe ulichukua dola 2.44 tu, na zilizobaki zote zilikuwa bima ya dola milioni moja.

Winston alielewa kwamba kubeba kitu ni kazi moja na kukidhamini ni kazi nyingine, na kwamba ya pili inaweza kugharimu mara 50 na zaidi ya ile ya kwanza. Wakusanyaji wengi wa komiki hufanya kinyume. Huhangaika na nauli ya kifurushi, kisha thamani ya kilichomo ndani wakaiandika kwa kukisia, tena kwa kuipunguza makusudi.

Alama huzaa bei

Mwaka 2000 kampuni ya CGC, ambayo makao yake sasa yako Sarasota, Florida, ilianza kukagua komiki kwa niaba ya wenye nazo na kuzipa alama. Mwaka 2014 akatokea mshindani, CBCS. Ngazi ya CGC ina madaraja 25, kuanzia 0.5 hadi 10.0. Wakaguzi huangalia kona, mgongo, pini, mng'ao wa jalada na rangi ya karatasi. Huhesabu kurasa, na hutafuta dalili za rangi iliyopakwa au mpasuko uliogundishwa kwa siri. Kisha komiki hufungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Ya buluu ni ya kawaida, ya zambarau ni ya komiki iliyokarabatiwa, ya njano ni ya iliyotiwa saini mbele ya shahidi, na ya kijani huonya kwamba kuna kasoro ya kuangaliwa peke yake.

Faida yake ni kwamba mnunuzi wa Tokyo na muuzaji wa Chicago hawana tena haja ya kubishana kama nakala ni safi au imechoka. Namba iliyo kwenye lebo imeshaamua, na bei huifuata namba hiyo. Amazing Fantasy #15 ya mwaka 1962, iliyomleta Spider-Man, ilikuwa ikiuzwa senti 12. Septemba 2021 nakala yenye alama 9.6 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.6. Novemba 2025 nakala ya Superman #1 ya mwaka 1939, ambayo ndugu watatu waliikuta darini kwa mama yao huko California, ilipewa 9.0 na kuuzwa dola milioni 9.12. Ilipokuwa ndani ya sanduku lake na magazeti makuukuu, hakuna aliyeweza kutaja bei yake kwa uhakika.

Tuwaache mamilionea. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kuijua Giant-Size X-Men #1 ya mwaka 1975, iliyoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Ndani yake Profesa Xavier anafika Kenya kumchukua mwanamke anayetawala mvua na radi, Ororo, ambaye dunia ingemjua kwa jina la Storm. Ni komiki ambayo mtu wa kipato cha kati anaweza kuwa nayo, iwe aliinunua alipokuwa akisoma Marekani au aliachiwa na mjomba aliyeishi London. Nakala iliyochoka na nakala safi za toleo hilo hutofautiana bei kwa maelfu ya dola, kwa hiyo mwenye nayo hutamani kujua yake iko wapi kwenye ngazi. Hapo ndipo anapoijaza fomu.

Namba moja, kazi tatu

Fomu hutaka utamke thamani ya kila komiki. Inaonekana kama swali la takwimu, kumbe jibu lake hufanya kazi tatu kwa mpigo.

Kazi ya kwanza ni kupanga ada. Kampuni za madaraja hazitozi bei moja kwa wote. Huduma ya chini hupokea komiki ambazo thamani yake haizidi ukomo fulani, na kadiri thamani inavyopanda ndivyo ada inavyopanda. Kwa komiki za bei kubwa sana, ada huwa asilimia ya thamani yenyewe. Kazi ya pili ni kuweka ukomo wa fidia. Ikiwa komiki yako itapotea au kuharibika ikiwa mikononi mwao, mazungumzo ya fidia yataanzia kwenye namba uliyoiandika wewe. Kazi ya tatu ni bima ya kurudi, kwani kifurushi kinaporejeshwa hukatiwa bima kwa kutazama thamani ile ile.

Mtego uko hapo. Kazi ya kwanza inakushawishi uandike kidogo, ya pili na ya tatu zinakudai uandike kweli. Tuseme nakala yako ya Giant-Size X-Men #1 ina thamani ya dola 1,500. Tuseme pia huduma ya chini inaishia komiki za dola 400, na inayofuata inaongeza ada ya dola 50. Ukiandika 400 umeokoa dola 50, na kwa kalamu hiyo hiyo umekubali kubeba mwenyewe hasara ya dola 1,100 endapo kutatokea balaa.  Tena umekubali kwa furaha ya mtu aliyepata punguzo.

Tena punguzo lenyewe si la uhakika. CGC hulinganisha thamani iliyotamkwa na bei ya soko, na ikiona komiki imepita ukomo wa huduma iliyoombwa huipandisha hadi huduma inayostahili na kudai tofauti. Basi aliyeandika kidogo anaweza kujikuta amelipa ada kamili baada ya kusafiri njia nzima akiwa na bima pungufu.

Thamani ya siku ipi?

Anayetaka kuandika kweli naye ana mtihani wake. Bei inategemea alama, na alama haijatolewa. Je, aandike bei ya komiki kama ilivyo leo mezani kwake, au bei itakayokuwa nayo ikirudi na 9.6?

Jibu limo katika msingi wa bima yenyewe. Bima ipo kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, si kumlipa alichokuwa akikitarajia. Komiki ikipotea njiani kuelekea Florida, kilichopotea ni komiki isiyo na daraja. Kuitamka kwa bei ya 9.6 ni kulipia bima ya kitu ambacho bado hakipo, na siku ya madai utaulizwa ushahidi wa hiyo 9.6, ambao huna.

Kisa cha mwigizaji Nicolas Cage kinaonyesha upande wa pili wa kanuni hiyo. Mwaka 1997 alinunua nakala ya Action Comics #1, komiki ya mwaka 1938 iliyomzaa Superman, kwa dola 150,000. Mwaka 2000 iliibwa nyumbani kwake, na bima ikalipa. Mwaka 2011 ikapatikana katika ghala la kukodi huko California, na kabla mwaka huo haujaisha ikauzwa mnadani kwa dola milioni 2.16. Fidia hutazama siku ya hasara. Haijui bei itakuwa ngapi miaka 11 baadaye, na haiwajibiki kujua.

Kwa hiyo thamani ya kutamka ni bei ambayo nakala kama yako, isiyo na kasha, ingeuzwa wiki hii. Kuitafuta kunahitaji ukali juu ya mali yako mwenyewe, kwa sababu kila mwenye komiki huiona safi kuliko ilivyo. Chukua The Incredible Hulk #181 ya mwaka 1974, toleo la kwanza lililomwonyesha Wolverine kikamilifu. Miaka hiyo Marvel ilichapa stempu ndogo kwenye kurasa za barua za wasomaji na kuwahimiza watoto wazikate wakabandike kwenye kijitabu. Watoto walitii. Leo kuna nakala za Hulk #181 zenye jalada linalong'aa na tundu la mstatili ndani, na tundu hilo hufuta sehemu kubwa ya bei. Aliyetazama jalada peke yake akatamka bei ya nakala kamili amelipa bima ya juu bure, na fidia ya kiwango hicho hataipata.

Baada ya kuikagua, tafuta bei zilizolipwa, si bei zinazoombwa. Mtu anaweza kuiweka komiki mtandaoni kwa dola 5,000 ikakaa mwaka mzima. Kinachohesabika ni mauzo yaliyokamilika, na nyumba za mnada kama Heritage huweka kumbukumbu zake wazi. Tazama mauzo ya miezi ya karibuni, kwa kuwa soko hili hupanda na kushuka. Lilipaa wakati wa janga la korona, na miaka iliyofuata komiki nyingi zikapoteza sehemu kubwa ya bei zile. Risiti ya 2021 inaweza kukudanganya kama ile ya 1997.

Safari ya kwenda ni yako

Wengi hudhani thamani waliyoiandika kwenye fomu ya kampuni ya madaraja inailinda komiki tangu inapotoka mlangoni kwao. Sivyo. Namba ile huanza kazi kifurushi kinapopokelewa. Safari ya kwenda ni jukumu la mtumaji, na huko kuna kanuni zake.

Ya kwanza ni kwamba kumtamkia msafirishaji thamani si lazima iwe kukata bima. Kampuni kubwa kama FedEx na UPS husema wazi katika masharti yao kwamba thamani iliyotamkwa ni ukomo wa dhamana yao tu. Usipotamka kitu, ndani ya Marekani ukomo huo huwa dola 100. Ukitamka, bado utathibitisha kwamba hasara imetokea mikononi mwao na kwamba ulifunga vizuri. Tena masharti ya FedEx yamekuwa yakiviweka vitu vya wakusanyaji katika kundi lenye ukomo wa dola 1,000. Unaweza kuitoa komiki ya dola 4,000 dirishani na kupewa risiti safi, kumbe robo tatu ya thamani haina mlinzi.

Kwa walioko Marekani, rejista ya posta aliyoitumia Winston bado ipo. Hukubali bima hadi dola 50,000, na kila anayekipokea kifurushi hukitilia saini. Ni ya polepole, lakini watu wa biashara hii huiheshimu.

Anayetuma kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa ana sheria nyingine ya kuijua. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania, Kenya na Marekani zote ni wanachama, unaweka ukomo wa fidia ya mizigo ya ndege kwa uzito. Tangu mwishoni mwa 2024 ukomo huo ni vizio 26 vya SDR, fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa kila kilo. Kifurushi cha komiki moja iliyofungwa vizuri hakifiki kilo. Kikiwa na gramu 700, ukomo ni takriban dola 25. Mbele ya mkataba huo Storm na karatasi chakavu za uzito sawa ni kitu kimoja, isipokuwa mtumaji awe ametoa tamko maalumu la thamani na kulipa nyongeza inayodaiwa. Tamko lisipokuwepo, mizani ndiyo inayoamua.

Kwenye vifurushi vya posta vyenye bima, taratibu za Umoja wa Posta Duniani zinaruhusu kutamka sehemu tu ya thamani, lakini zinakataza kutamka zaidi ya thamani halisi. Kupandisha namba ili upate faida kikipotea huhesabika kuwa udanganyifu. Fomu ya forodha nayo isipingane na bima. Mtu akiandika dola 50 kwa forodha ili kukwepa maswali, kisha akadai fidia ya dola 1,500, ameandika kwa mkono wake ushahidi wa kumnyima. Na kwa kuwa komiki itarudi nchini, atunze hati zinazoonyesha kwamba ilitoka, isije ikachukuliwa kuwa ununuzi mpya.

Nusu ya bima, nusu ya fidia

Kuna wanaojitetea kwamba wanakata bima ya nusu kwa kuwa si rahisi kifurushi chote kipotee. Hoja hiyo ingesimama kama bima ingelipa kila hasara hadi kikomo chake. Mikataba mingi ya bima ya mali hailipi hivyo. Hutumia kanuni ya wastani, kwamba aliyekata bima ya sehemu huhesabiwa kuwa mdhamini wa nafsi yake kwa sehemu iliyobaki. Komiki ya dola 2,000 iliyokatiwa bima ya dola 1,000 ikipata unyevu na kupoteza thamani ya dola 600, bima hulipa 300. Hasara ilikuwa chini ya kiwango cha bima, na bado mwenye mali amebeba nusu.

Dawa yake ni mkataba wa thamani iliyokubaliwa, ambao mwenye mali na kampuni ya bima hupatana juu ya bei kabla ya hasara. Wenye makusanyo makubwa hukata bima ya namna hiyo kwa mkusanyo wote, na kuhakikisha inagusa pia vitu vikiwa safarini. Anayekwenda kwa wakala wa bima aulize neno hilo la safarini bila aibu, kwani sera ya vitu vya nyumbani inaweza kuishia mlangoni.

Vipi kuhusu yasiyo na soko?

Kuna mali ambazo hazina kumbukumbu za mnada za kutegemea. Mtu mwenye nakala safi za Joe, jarida lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, au matoleo ya zamani ya Sani la Dar es Salaam lenye akina Ndumilakuwili na Lodilofa, ana hazina ya historia ya uchoraji wetu. Lakini akiambiwa atamke thamani, atanukuu soko gani?

Hapo ushahidi hujengwa. Risiti za manunuzi, barua za wanunuzi waliowahi kutoa ofa, na maoni ya maandishi ya muuza vitabu vya kale au mtunza nyaraka huweza kusimama badala ya bei za mnada. Bila hivyo, afisa wa madai ataiona bei ya zamani iliyochapwa kwenye jalada, na kwake hayo ni magazeti makuukuu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa katuni zetu hali ndiyo hiyo hasa.

Kabla ya kufunga

Piga picha jalada la mbele na la nyuma, na kila alama inayoitofautisha nakala yako na nyingine: mkunjo, doa, muhuri wa duka. Hifadhi nakala za mauzo uliyoyatumia kupata bei, zikiwa na tarehe. Ukituma komiki kumi, andika thamani ya kila moja. Ikipotea moja, jumla peke yake haisemi ilikuwa ya shilingi ngapi. Weka kila komiki kwenye mfuko wake na kadi ngumu, uzibane katikati ya maboksi bapa zisicheze, kisha sanduku ndani ya sanduku. Madai mengi hukataliwa kwa hoja ya ufungaji mbovu. Nje usiandike chochote kinachotangaza kilichomo.

Namba iliyopatikana kwa uaminifu ina faida moja zaidi, ambayo mtu huipata kabla hata ya kwenda posta. Jumlisha ada ya daraja inayolingana nayo, nauli ya kwenda na kurudi, na bima ya pande zote mbili. Linganisha jumla hiyo na kiasi ambacho kasha na alama vitaongeza kwenye bei. Kwa Giant-Size X-Men #1 iliyotunzwa vizuri, hesabu inaweza kukubali. Kwa komiki ya dola 60 haitakubali, na kuandika dola 20 kwenye fomu hakutaibadilisha. Hiyo ibaki nyumbani, isomwe.